Faust ya Gounod: tununue rekodi ya 1930, ya 1958 au hizi za kisasa?

Mwanakwaya
Wakuu, salaam. Nataka kununua rekodi moja kamili ya opera ya Faust ya Charles Gounod, moja tu kwa sasa. Nimebaki na nne: ya 1930 iliyoongozwa na Henri Busser (Vezzani kama Faust, Berthon kama Marguerite, msichana anayependwa na Faust, na Journet kama shetani Mephistopheles), ya 1958 ya André Cluytens (Gedda, de los Angeles, Christoff), ya 1991 ya Michel Plasson (Leech, Studer, van Dam), na ya Christophe Rousset iliyotoka 2019 (Bernheim, Gens, Foster-Williams). Ile ya 1930 inauzwa na zaidi ya kampuni moja, na kila moja inadai imesafisha sauti kuliko wenzake. Ninachotafuta ni uimbaji na Kifaransa kilichonyooka. Nasikilizia hedifoni. Mikwaruzo hainitishi, ila sitaki kukosa muziki wenyewe. Nianzie wapi?

Santuri Kuukuu
Mkuu, kabla hujauliza ya kale au ya sasa, uliza kwanza Faust ipi, maana ndani ya jina hilo moja mna kazi kadhaa. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Théâtre Lyrique mjini Paris, tarehe 19 Machi 1859, katikati ya nyimbo waigizaji walizungumza tu kama kwenye tamthilia. Mwaka uliofuata mazungumzo yale yakatungiwa muziki, yakawa resitativu, yaani maneno yanayoimbwa kama mazungumzo, na Strasbourg ndiko yalikosikika kwanza. Mwaka 1864, kwa ajili ya baritoni Charles Santley kule London, Gounod akaongeza wimbo wa Valentin, kaka yake Marguerite, unaoanza kwa Kifaransa "Avant de quitter ces lieux". Kisha 1869 opera ikahamia Opéra ya Paris, na jumba lile lilidai baleti, basi ikaongezwa baleti ya usiku wa Walpurgis. Karibu kila rekodi unayoiona sokoni imejengwa juu ya toleo hilo la mwisho, baleti ikiwemo au ikiwa imeachwa.

Ya Rousset imerudi nyuma hadi 1859, tena kwa ala za zama zile. Wengi huinunua bila kujua wanachokosa. Humo Mephistopheles haimbi "Le veau d'or". Mahali pake ana wimbo wa Bwana Scarabée. Wimbo wa Valentin wa 1864 haumo. Ile kwaya ya wanajeshi inayopigwa na brasi bendi duniani kote nayo haimo. Valentin na kwaya wana kipande kingine kabisa. Badala yake unapata vitu ambavyo rekodi za kawaida hazina: utatu wa Faust na wanafunzi wake Wagner na Siébel mwanzoni, na wimbo wa kuagana wa Valentin na dada yake. Halafu kuna mazungumzo makavu, mengine yakisindikizwa na okestra chini kwa chini.

Kwa hiyo kama hujawahi kuwa na Faust nyumbani, usianze na ya Rousset. Siyo mbaya, naipenda sana, lakini hutajua imebadilisha nini kwa sababu huna cha kulinganishia. Plasson wa 1991 ni njia ya kati: anakupa toleo la kawaida, kisha mwishoni anaweka vipande vya ziada vilivyowahi kukatwa. Unaweza kuviruka au kuvisikiliza peke yake.

Besi la Nne
Nakubaliana na Santuri Kuukuu kuhusu matoleo. Ila swali lilikuwa uimbaji na Kifaransa, na hapo ya 1930 haina mpinzani. Nieleze kwa nini, isionekane ni mapenzi ya vitu vya kale.

Chukua cavatina (wimbo wa peke yake) ya Faust, "Salut! demeure chaste et pure". Neno "pure" lina ile irabu ya Kifaransa ambayo midomo inakaa kama ya "u" yetu huku ulimi uko mahali pa "i". Tenori asiye na Kifaransa huimba "piur" au "pur", na umeshajua. Kisha njoo kwenye noti ya juu kabisa, C, ambayo Gounod ameiweka juu ya silabi ya kati ya "présence". Silabi ile ni ya puani. Ukiimba kwa pua kweli kweli huko juu, sauti inazibwa. Ukifunga "n" kama sisi tunavyosema "panzi", umeharibu lugha. Mwimbaji aliyefundwa huiacha irabu wazi kwanza, sauti ikishasimama ndipo anaipeleka puani mwishoni. Hayo ni mambo ya nusu sekunde, na ndiyo yanayotenganisha shule ya Kifaransa na nyingine. César Vezzani, mzaliwa wa Corsica, ana sauti ya chuma, si laini kama wengine, lakini kila neno lake unaweza kuliandika ukilisikia.

Marcel Journet ndiye sababu kubwa zaidi. Wakati wa rekodi ile alikuwa amevuka miaka 60, na Mephistopheles alikuwa ameshamwimba kwa miongo mingi. Sikiliza serenada, "Vous qui faites l'endormie". Kuna vicheko mwishoni, na Gounod ameviandika kwa noti, G ikishuka oktava kwa oktava. Mabesi wengi, hasa wa miaka ya 1950 na baada yake, hugeuza hapo kuwa kelele za shetani wa jukwaani. Journet anacheka kwa noti zilizoandikwa, na kwa kuwa ni noti, anatisha zaidi, kwa sababu shetani wake ni bwana mwenye adabu. Boris Christoff wa 1958 ana sauti ya ajabu, lakini anaingiza tabia za opera ya Kirusi, anasukuma konsonanti, na kila sentensi inakuwa tishio. Hata Nicolai Ghiaurov, ambaye kwa sauti tupu nampenda kuliko wote, kwenye rekodi ya 1966 iliyoongozwa na Bonynge anabaki mgeni kwenye lugha. Na kwenye hiyo ya 1966 tenori Franco Corelli anaimba Kifaransa ambacho Mfaransa anahitaji kufuata kwa kitabu.

Busser naye, aliyezaliwa 1872, alimfahamu Gounod mwenyewe. Mwendo wake hausimami kusubiri makofi.

Fundi Nakala
Yote sawa, lakini Mwanakwaya hatanunua santuri za 1930, atanunua nakala ya kidijitali ya santuri hizo. Nakala mbili za rekodi moja zinaweza kutofautiana kuliko waimbaji wawili. Fanyeni hivi kabla ya kulipa, kwenye sampuli za kusikiliza bure.

Kwanza, spidi. "78" ni jina tu. Zama zile santuri zilirekodiwa kwa mizunguko tofauti kidogo. Iliyorekodiwa kwa 74 ukiicheza kwa 78, pichi inapanda karibu nusu toni nzima. Njia ya kukagua: cavatina ya Faust iko kwenye ufunguo wa A flati meja. Washa programu ya kupimia pichi kwenye simu, tafuta mahali nyuzi zinaposhikilia A flati. Kwa noti A iliyopimwa hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) utaona kama hezi 415. Kwa A ya 435, ambayo ndiyo kipimo kilichowekwa rasmi Ufaransa mwaka huohuo wa 1859, utaona kama 410 na nusu. Chochote kati ya hivyo viwili kinakubalika. Ukiona 392, hiyo ni G. Ukiona 440, hiyo ni A. Nakala ya namna hiyo iache, au angalau ujue kuna jambo.

Pili, kuchujwa kupita kiasi. Rekodi za umeme zilianza 1925, na kufikia 1930 maikrofoni zilishika vizuri mpaka karibu hezi 5,000 na zaidi kidogo. Herufi "s", "ch", "f" na "t" zinaishi huko juu. Fundi anayetaka nakala isiyo na mchakarisho hukata kila kitu juu ya hapo, na Kifaransa chote anachokisifia Besi la Nne kinaondoka na mchakarisho. Jaribu neno "chaste": kama "ch" inasikika kama mtu aliyefunika mdomo kwa kiganja, imechujwa mno. Dalili nyingine ni sauti inayobubujika kama maji pale okestra inapopungua. Nakala nzuri ya 1930 ina mchakarisho wa kudumu, kama mvua mbali. Baada ya dakika 5 sikio linausahau.

Tatu, maungio. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 unabeba dakika 4 hadi 4 na nusu. Opera ya saa mbili na nusu ni pande kama 38. Kila dakika 4 pana kiungo. Sikiliza sekunde 10 kabla na 10 baada: pichi isiruke, chumba kisibadilike ghafla, na pigo lisipotee.

Nne, ukisikilizia mtandaoni, rekodi ya kale inateseka zaidi kwenye faili dogo kuliko rekodi mpya, kwa sababu mchakarisho ni kitu kigumu kubana, na biti zinaliwa na mchakarisho badala ya sauti ya mtu. Chini ya kbps 256 usihukumu mwimbaji. Chukua FLAC, faili lisilopunguza sauti, ikiwezekana.

Mwanakwaya
Asante sana, Fundi. Swali dogo: nasikia tenori wengine huomba cavatina ishushwe nusu toni ili waimbe B badala ya C. Sasa nikikuta 392, nitajuaje kama ni spidi mbaya au ni tenori ameshusha?

Fundi Nakala
Swali zuri. Usipime wimbo mmoja. Pima na mwingine ambao ufunguo wake unaujua: wimbo wa vito wa Marguerite uko E meja, kwaya ya wanajeshi iko B flati meja. Kama zote zimeshuka kwa uwiano uleule, ni spidi. Kama cavatina pekee ndiyo imeshuka, tenori ameshusha. Tena aliyeshusha atatua sawasawa kwenye nusu toni, kwa kuwa okestra inasoma noti nyingine; spidi mbaya hutua popote, robo toni, theluthi. Usitegemee kusikia mtetemo wa sauti kuwa wa haraka au wa polepole. Tofauti ya asilimia 6 kwenye mtetemo ni ndogo, sikio hudanganywa. Irabu husaidia zaidi: santuri iliyokimbizwa hubana irabu zote, hata za kwaya, na mabesi huanza kufanana na mabaritoni.

Bi Alto
Naomba niweke upande wa pili, kwa sababu mpaka hapa tumezungumzia tenori na besi tu.

Faust ni opera ya Marguerite vilevile. Nchi za Kijerumani waliizoea hata kwa jina lake. Mireille Berthon wa 1930 ni mwimbaji safi, Kifaransa chake hakina kasoro, lakini sikiliza sehemu ya bustani, pale anapoimba hadithi ya mfalme wa Thulé. Huko Gounod amefanya jambo la akili sana: msichana anaimba wimbo wa zamani alioukariri, wa mwendo mmoja, kisha anaukatisha katikati kumwaza yule kijana aliyekutana naye, kisha anarudi kwenye wimbo kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni sauti mbili ndani ya mtu mmoja. Ya wimbo inatakiwa iwe bapa, bila hisia, kama mtu anayeimba huku anafanya kazi. Ya mawazo iwe karibu na kusema. Victoria de los Angeles, 1953 na tena 1958, anafanya tofauti hiyo kwa rangi ya sauti peke yake, haongezi nguvu wala mwendo. Unamsikia akikumbuka. Mimi sijasikia anayempita hapo, wa kale wala wa sasa, na hilo linatosha kunifanya nimpendekezee Mwanakwaya ya 1958.

Kisha okestra. Gounod hakuandika sauti za watu tu. Kwenye tukio la kanisani, ogani, kwaya iliyo mbali na Mephistopheles anayemnong'oneza Marguerite vimepangwa kwa umbali. Bila umbali, tukio linakuwa msongamano. Rekodi ya 1930 imebana vyote mahali pamoja, na besi za ogani zimesinyaa. Hapo stirio ya 1958 inakupa nafasi, na rekodi za baadaye zinakupa hata sakafu ya kanisa.

Na Rousset, naomba asiwekwe kabatini. Nyuzi za utumbo na ala za mbao za zama zile ni nyepesi, kwa hiyo Benjamin Bernheim halazimiki kupiga kelele. Kifaransa chake ni cha nyumbani, anatumia sauti ya mchanganyiko wa kifua na kichwa kama walivyofanya wa zamani. Yaani ukitaka shule anayoisifia Besi la Nne bila mchakarisho, ndiko iliko.

Besi la Nne
Bi Alto, kuhusu Thulé nakubali, de los Angeles hana mwenzake. Na kanisani pia. Ninachopinga ni hoja kwamba Bernheim ni ile shule ileile. Anaifahamu na anaiimba vizuri kuliko yeyote wa kizazi chake, lakini Vezzani na Journet walikuwa wanazungumza kwenye noti. Wa leo wanaimba mstari wa sauti kwanza, maneno yanapanda juu yake. Sikiliza Journet akijibu neno moja tu, "Monsieur", utaelewa.

Jambo jingine linalosaidia kulinganisha: Journet aliwahi kurekodi vipande vya Faust mwaka 1910 nchini Marekani pamoja na Caruso na Geraldine Farrar, kwa tarumbeta ya kurekodia, kabla ya maikrofoni. Ukimweka wa 1910 na wa 1930 sambamba, unaona kilichopungua (noti za juu zimekauka kidogo) na kilichoongezeka, ambacho ni utulivu wa kutamka.

Mshika Daftari
Nimefuatilia kimya kimya. Mnasemaje kuhusu ile ya kampuni ya Pathé, iliyoongozwa na Ruhlmann, ya miaka ya 1911 na 1912? Si ndiyo ya kale kuliko hizo zenu na hivyo karibu zaidi na Gounod?

Fundi Nakala
Kwa mtu anayenunua moja, hapana. Ni ya tarumbeta, okestra imepunguzwa na nyuzi zinasikika kama kinanda cha mkono. Pathé walikuwa na utaratibu wao: walirekodi kwenye silinda kubwa ya nta, kisha wakahamishia kwenye santuri kwa mashine, kwa hiyo unachosikia tayari ni nakala ya nakala. Mfereji wao unatikisika juu na chini, si kushoto na kulia. Anayehamisha santuri hiyo kwa mpangilio wa mono wa kawaida hupata kelele tupu na sauti ya mtu kwa mbali; inabidi chaneli moja igeuzwe kinyume kabla ya kuzijumlisha. Zipo nakala zilizofanywa sawasawa, lakini zichunguze.

Kinyume chake ni kweli kwa santuri za kawaida kama hizi za 1930. Ukikuta nakala iliyoachwa na chaneli mbili, weka simu kwenye mono. Mitikisiko ya juu na chini inafutika na kelele inapungua papo hapo, bila kuchuja chochote.

Santuri Kuukuu
Kwa sisi wa huku kuna mlango mwepesi. Anayeweza kukaa na Siti binti Saad, santuri alizorekodi Bombay kwa kampuni ya HMV kuanzia 1928, sikio lake tayari liko tayari kwa Faust ya 1930. Ni teknolojia ileile ya miaka ileile: maikrofoni, mfereji wa kushoto na kulia, upande wa dakika chache. Ukishajifunza kusikia maneno ya Siti nyuma ya mchakarisho, Journet hatakupa shida.

Kuhusu kununua: rekodi zilizotoka kabla ya 1963 Ulaya hazina tena haki za mtayarishaji, ndiyo maana ya 1930 inauzwa na kampuni nyingi. Wenzetu walioko Marekani watakuta baadhi ya maduka hayawauzii, kwa sababu kule rekodi za 1930 bado zinalindwa. Usichague kwa jalada. Tafuta jina la fundi aliyehamisha. Kampuni isiyoandika jina la fundi mara nyingi imenakili kazi ya mwingine na kuongeza kichujio.

Mwanakwaya
Nimeelewa. Nitachukua ya 1958 kama ya nyumbani, kisha ya 1930 nikishapima hezi kama Fundi alivyoeleza. La mwisho: kwenye rekodi nilizozipitia, tukio la kanisani mara liko kabla ya Valentin kurudi kutoka vitani, mara liko baada ya kifo chake. Ipi sahihi?

Bi Alto
Majumba na wachapishaji wamelihamisha kwa zaidi ya karne moja, kwa hiyo utakuta yote mawili. Likija baada ya kifo cha Valentin, Marguerite anaingia kanisani akiwa amebeba laana ya kaka yake, na Mephistopheles hahitaji kumwambia mengi. Likija kabla, kifo cha Valentin kinakuwa kilele cha sehemu nzima na kwaya inafunga pazia. Mimi napendelea kanisa liwe la mwisho. Kwenye simu unaweza kupanga mwenyewe, ila angalia nyimbo hazijaungana: kama rekodi haina ukimya kati ya vipande, utakata noti katikati.

Besi la Nne
Na ukifika kwenye utatu wa mwisho, gerezani, "Anges purs", fanya jaribio hili kwenye kila rekodi utakayoinunua. Marguerite anaimba ule wimbo mara tatu, kwanza kwenye G, kisha A, kisha B, kila mara toni nzima juu. Kwenye studio ya 1958 mwimbaji aliweza kurudia mpaka apate. Kwa santuri za 1930 upande ulirekodiwa mzima kwa mkupuo mmoja, hapakuwa na kukata na kuunga. Ukikosea unaanza upya na nta mpya. Berthon anapofika kwenye B utasikia pumzi inakuwa fupi. Usiichukulie kama kasoro.